Michoro, Grafu na Ramani katika Ripoti za Utafiti: Mfano wa Mgori

Upande wa mashariki wa mji wa Singida liko eneo la Mgori, lenye msitu wa miombo unaozidi hekta 40,000. Katikati ya miaka ya 1990 msitu huo ulipata sifa ndani na nje ya nchi, kwa sababu vijiji vitano vinavyopakana nao, yaani Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vilikabidhiwa jukumu la kuusimamia na kuulinda. Kabla ya hapo ilikusudiwa kwamba msitu huo utangazwe kuwa hifadhi chini ya serikali. Mfano uliofuatwa ulikuwa ule wa Duru-Haitemba katika Wilaya ya Babati, ambako wanavijiji walikuwa wametangulia kupewa wajibu kama huo. Kila kijiji cha Mgori kilipata sehemu yake ya msitu, na kila sehemu ilihitaji mpaka unaofahamika na kukubaliwa na majirani. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliweka msingi wa kisheria kwa utaratibu wa namna hiyo nchini kote.

Msitu wenye historia kama hii huwavutia watafiti. Wapo wanaohesabu visiki, wapo wanaopima unene wa miti, wapo wanaofuatilia moto wa kiangazi na wapo wanaochunguza ufugaji wa nyuki, ambao ni shughuli mashuhuri katika Mkoa wa Singida. Kila mmoja wao huandika ripoti, na karibu kila ripoti huwa na michoro. Je, ni nani atakayeisoma michoro hiyo? Mtaalamu wa chuo kikuu ataisoma, na afisa misitu wa wilaya ataisoma. Lakini wenye haja nayo kuliko wote ni wajumbe wa kamati ya kijiji, ambao hawana muda wa kupitia kurasa mia moja za maelezo, na ambao wataamua kwa kuutazama mchoro kama doria ziongezwe au zipunguzwe, na kama sehemu fulani ifungwe isilishwe mifugo. Mchoro uliochorwa vibaya waweza kuwaaminisha kwamba ulinzi wao umefaulu ilhali miti inazidi kukatwa. Waweza pia kuwakatisha tamaa ilhali msitu unapona.

Kwa sababu hiyo makala haya yanaeleza jinsi ya kuandaa michoro ya utafiti. Jambo la msingi tunalotaka msomaji alishike ni hili: mchoro katika ripoti ya utafiti ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Haukuwekwa ili kuipamba karatasi. Kwa hiyo unapaswa kumwezesha msomaji kuona jambo lililopimwa, na pia kumwezesha kulipinga akiwa na sababu.

Kila mchoro na kazi yake

Kabla ya kushika penseli, mtafiti hana budi kujiuliza: msomaji wangu atataka kujua nini? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua aina ya mchoro.

Ikiwa msomaji anahitaji namba kamili, kwa mfano idadi ya mizinga ya kila kijiji, apewe jedwali. Jedwali zuri hupanga safu zake kwa utaratibu wenye maana, aghalabu kutoka namba kubwa hadi ndogo, na huonyesha vizio vya kipimo juu ya kila safu badala ya kuvirudia katika kila mstari. Ikiwa msomaji anataka kuona jinsi jambo linavyopanda, linavyoshuka au linavyohusiana na jambo jingine, apewe grafu. Ikiwa swali lake ni "wapi?", apewe ramani. Na ikiwa ni lazima aone umbo la kitu, kama vile kovu la moto kwenye shina la mti, apewe picha, lakini kando ya shina pawekwe rula au kitu kingine chenye ukubwa unaojulikana, maana bila hivyo hataweza kutambua kama kovu ni la sentimeta tano au la mita moja.

Makosa mengi ya wanafunzi hutokana na kuruka hatua hii. Huchora kwanza grafu ya duara kwa kuwa inapendeza, kisha wakatafuta takwimu za kuijaza. Grafu ya duara inafaa pale tu tunapogawa kitu kizima katika sehemu chache. Sehemu zikifika saba au nane, jicho hushindwa kutofautisha vipande, na jedwali dogo lingeeleza vizuri zaidi.

Ramani na maana ya mahali patupu

Katika Afrika Mashariki tuna mfano bora wa ramani iliyozaa elimu mpya. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa ajabu katika mataya. Alitaka kujua ugonjwa huo unapatikana wapi. Basi alituma vikaratasi vyenye picha na maswali kwa mamia ya hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, na kila jibu lilipokuja alichomeka pini katika ramani. Pini hizo ziliunda ukanda ulioivuka Afrika ya kitropiki, wenye mkia ulioteremka upande wa mashariki mwa bara.

Burkitt hakutosheka na pini hizo. Mwishoni mwa mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kwa muda wa majuma kumi, mwendo wa takriban kilometa 16,000, kutoka Uganda kuelekea kusini na kurudi. Katika kila hospitali waliuliza si mahali ugonjwa ulipoonekana tu, bali pia mahali ambapo haujaonekana. Ndipo ilipodhihirika kwamba karibu na Ikweta ugonjwa haukupatikana penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 hivi, na kwamba kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo wa mwinuko ulivyoshuka. Maana yake ni kwamba mwinuko wenyewe haukuwa sababu. Kilichohusika ni joto, pamoja na mvua. Ramani hiyo iliwasukuma wanasayansi kutafuta kiini cha ugonjwa kinachotegemea hali ya hewa, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mjini London kwamba wameona virusi katika chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Baadaye ilibainika pia kuwa malaria ina uhusiano na ugonjwa huo.

Tujifunze nini? Ramani ina aina mbili za mahali patupu: pale palipochunguzwa pasionekane kitu, na pale ambapo hapakuchunguzwa kabisa. Mchoraji akiziacha zote nyeupe, msomaji atadhani ni kitu kimoja. Chukua ramani ya visiki katika msitu kama wa Mgori. Sehemu iliyo karibu na barabara huenda ikajaa nukta, na sehemu ya ndani ikawa tupu. Je, huko ndani hakuna ukataji wa miti, au mtafiti hakufika? Ikiwa ni hali ya pili, kamati itaelekeza walinzi wote barabarani na kuwaachia wakataji msitu wa ndani. Ni wajibu wa mtafiti kuyatia maeneo yasiyopimwa alama yake, kama vile mistari ya mshazari, na kuieleza katika ufunguo.

Mambo mengine ya lazima katika ramani yanajulikana na kila mwanafunzi wa Jiografia: jina, ufunguo, skeli, mshale wa Kaskazini, fremu, na tarehe ya kipimo. Kuhusu skeli, yafaa kuchora mstari uliogawanywa katika kilometa badala ya kuandika uwiano peke yake, kama 1:50,000. Ramani ikipunguzwa au kukuzwa wakati wa kunakiliwa, mstari hupungua au kukua pamoja nayo na kubaki sahihi, bali uwiano ulioandikwa huwa uongo papo hapo.

Grafu na msomaji anayepinga

Grafu ni chombo cha siku nyingi kidogo tu katika historia ya elimu. Mskoti William Playfair alichapisha mwaka 1786 kitabu kilichoonyesha biashara ya Uingereza kwa mistari inayopanda na kushuka, na tangu hapo njia hiyo ikaenea. Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa hapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Aliweka mchanganyiko wake wa maziwa katika jokofu ukiwa bado wa moto, akaona umeganda kabla ya mchanganyiko uliopoa kwanza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza jambo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo kikiwa Chuo Kikuu Kishiriki, naye Osborne akalipima katika maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo katika jarida la Physics Education.

Makala yao yalikuwa na grafu. Mhimili mlalo ulionyesha joto la maji mwanzoni, na mhimili wima muda uliopita kabla maji hayajaanza kuganda. Mtu angetarajia mstari unaopanda tu, kwamba maji yenye joto zaidi yachelewe zaidi. Lakini maji yaliyochelewa kuliko yote yalikuwa yale yaliyoanza na nyuzi 25 hivi za Sentigredi, na yale yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliwahi zaidi. Sentensi moja inaweza kueleza hayo, lakini grafu ilionyesha pia jinsi muda ulivyobadilika katika joto la katikati.

Faida yake kubwa ilionekana miaka mingi baadaye. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden waliyarejea matokeo ya 1969, wakayalinganisha na ya watafiti wengine pamoja na majaribio yao wenyewe, na wakatia shaka kama jambo hilo hutokea kwa kweli. Mjadala huo ni halali, nao uliwezekana kwa sababu vipimo viliwekwa wazi. Mtafiti anayeonyesha mstari laini bila nukta za vipimo vyake amemfungia msomaji mlango. Hivyo chora nukta zote, kisha upitishe mstari kati yake. Ikiwa umechukua wastani wa vipimo vingi, onyesha pia kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa, ili ijulikane kama vipimo vilikaribiana au vilitawanyika.

Mhimili wa wakati

Grafu ya mvua ya Singida ina somo lake. Mkoa huo una msimu mmoja wa mvua, unaoanza aghalabu mwezi Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, na miezi ya Juni hadi Septemba huwa mikavu. Ukichora grafu kuanzia Januari hadi Desemba kama kalenda ilivyo, msimu huo mmoja utakatwa vipande viwili: kilima kimoja kushoto na kingine kulia, katikati bonde. Mgeni asiyeijua Singida atasema kwamba kuna misimu miwili. Anza grafu hiyo mwezi Julai na kuimaliza Juni, na msimu utaonekana kuwa kilima kimoja, kama mkulima wa uwele au alizeti anavyoujua.

Mfano wa pili ni wa sensa. Tangu Uhuru, Tanzania imehesabu watu wake mara sita, na idadi kwa mamilioni ilikuwa takriban hivi:

1967: 12.3
1978: 17.5
1988: 23.1
2002: 34.4
2012: 44.9
2022: 61.7

Mwanafunzi asiyeangalia ataweka miaka hiyo sita kwa nafasi zilizo sawa katika mhimili mlalo. Grafu yake itaonyesha kwamba mstari ulipanda kwa kasi kati ya 1988 na 2002, yaani kwa milioni 11.3, kisha ukapunguza mwendo kati ya 2002 na 2012, ulipopanda kwa milioni 10.5. Atahitimisha kwamba ongezeko la watu lilipungua. Kumbe kipindi cha kwanza ni cha miaka 14 na cha pili ni cha miaka 10. Kwa kila mwaka, ongezeko la kwanza lilikuwa kama laki 8, na la pili zaidi ya milioni moja. Tarakimu zote za mwanafunzi huyo zilikuwa sahihi, lakini hitimisho lake lilikuwa kinyume cha ukweli, na kosa lilikuwa katika rula yake. Nafasi katika mhimili wa wakati lazima zilingane na miaka yenyewe.

Nguzo zilizokatwa na miti iliyovimba

Hebu tuchukue namba za kubuni, kwa ajili ya somo tu. Tuseme walinzi wamehesabu visiki vipya kando ya njia moja ya doria, wakapata 40 mwaka wa kwanza na 36 mwaka wa pili. Upungufu ni sehemu moja kwa kumi. Mtafiti anachora grafu ya nguzo, ambayo vitabu vingine huiita grafu ya mihimili, lakini ili kuokoa karatasi anauanzisha mhimili wima kwenye 30 badala ya sifuri. Sasa nguzo ya kwanza ina urefu wa hatua 10 na ya pili hatua 6. Kwa jicho, ukataji umepungua kwa sehemu mbili kwa tano. Kamati itafurahi, na huenda ikapunguza doria.

Kanuni yake ni rahisi. Jicho hupima nguzo kwa urefu wake wote. Kwa hiyo nguzo zianzie sifuri daima. Grafu ya mistari inaweza kuanzia mahali pengine, kwa kuwa jicho hutazama mabadiliko, lakini mchoraji aandike bayana kwamba mhimili haukuanzia sifuri.

Kosa linalofanana na hilo ni la kutumia picha za miti badala ya nguzo. Idadi ya miti ikiongezeka mara mbili, mchoraji huchora mti wenye urefu mara mbili, na ili usipoteze umbo lake hupanua na upana mara mbili. Eneo la mti huo sasa ni mara nne ya ule wa kwanza, na msomaji huona ongezeko la mara nne. Heri kuchora miti midogo iliyo sawa na kuiongeza idadi yake.

Rangi, herufi na karatasi

Siku hizi ramani nyingi za misitu hutokana na picha za setilaiti, nazo huja na rangi nzuri: kijani kwa msitu mzima, nyekundu kwa sehemu iliyoungua. Lakini ripoti hunakiliwa kwa mashine isiyotoa rangi kabla ya kufika kijijini, na hapo nyekundu na kijani hugeuka kuwa kijivu kilekile. Zaidi ya hayo, wapo watu, hasa wanaume, ambao kwa maumbile hawatofautishi rangi hizo mbili. Tumia basi tofauti ya mwanga na giza, au vivuli vya nukta na mistari. Kisha nakili mchoro wako mara moja na kuutazama: ukisomeka katika nakala, umefaulu.

Maandishi yawe makubwa ya kutosha hata baada ya mchoro kupunguzwa. Majina yaandikwe karibu na mistari inayohusika, ili msomaji asihangaike kati ya mstari na ufunguo. Na chini ya kila mchoro yawekwe maelezo mafupi yanayotaja kilichopimwa, mahali, wakati, na idadi ya vipimo. Mchoro hutolewa mara nyingi katika ripoti na kubandikwa ukutani peke yake. Hapo maelezo hayo ndiyo pekee yatakayoutetea.

Kujaribu mchoro kabla ya kuutoa

Mwanafunzi aliyemaliza mchoro ampe mtu ambaye hakushiriki katika utafiti, na amwulize, "Unaona nini hapa?" Asimweleze lolote. Jibu likitofautiana na yale yaliyopimwa, kasoro ni ya mchoro, wala si ya msomaji. Kwa utafiti wa msitu wa kijiji, mtu anayefaa kuulizwa ni mlinzi anayeujua msitu huo kwa miguu yake. Yeye ataweza kusema, "Hapa ulipoacha weupe ndipo kuna njia ya wapasua mbao," na kwa neno hilo moja mtafiti atapata alichokikosa katika vipimo vyake vyote.

Zoezi kwa darasa

1. Chora grafu mbili za idadi ya watu wa Tanzania kwa kutumia namba zilizotolewa hapo juu: moja yenye nafasi sawa kati ya sensa, na nyingine yenye nafasi zinazolingana na miaka. Linganisha mteremko wa mistari kati ya 1988 na 2012, na ueleze tofauti.

2. Pima mvua shuleni kwenu kwa mwaka mmoja. Amueni kwa pamoja grafu ianzie mwezi gani, na mtoe sababu.

3. Chora ramani ya miti iliyomo katika eneo la shule. Onyesha kwa alama tofauti mahali pasipo na miti na mahali ambapo hamkufika kuhesabu. Kisha mpelekeeni mtunza bustani aisome, na muandike alichokisahihisha.